Homa Isiyokwisha: Jinsi Ugonjwa wa Moyo Unavyoharibu Mafigo

Mjini Bunia, kama mahali pote katika Ituri, mtu akishikwa na homa neno la kwanza linalosemwa ni hili: malaria. Wala si vibaya kusema hivyo, maana malaria iko kweli, tena huua watoto wetu kila mwaka. Lakini je, mgonjwa akinywa dawa ya malaria akaimaliza, na homa ikarudi? Akipewa dawa nyingine, nayo homa ikarudi mara ya tatu? Hapo ndipo maneno huwa mengi. Huyu atasema ni tifoidi. Yule atasema mgonjwa amelishwa sumu, na watu wa nyumba wataanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Wengine watampeleka kwa mganga wa miti shamba. Siku zapita, mgonjwa azidi kukonda, hata asubuhi moja mama yake aona kwamba uso wa mwanawe umevimba, na mkojo wake umekuwa mwekundu kama maji yaliyooshewa nyama.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kuwaelezeni ugonjwa mmoja ambao huanza mlangoni mwa moyo na kuishia katika mafigo. Si ugonjwa wa kila nyumba kama malaria. Lakini usipotibiwa huua, na wengi waliokufa kwa ugonjwa huo wangalipona kama ungalitambuliwa mapema. Kwa hiyo yafaa wazazi, walimu na wanafunzi wajue asili yake, dalili zake na kinga yake.

NYUMBA YENYE VYUMBA VINNE

Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kama ngumi yake. Kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi, bila kupumzika usiku wala mchana. Ndani yake mna vyumba vinne, na milango midogo minne, ambayo madaktari huiita vali. Milango hiyo hufunguka upande mmoja tu. Damu ikisha kupita, mlango hujifunga, damu isirudi nyuma.

Milango hiyo ikiwa mizima, ni myororo na imara. Lakini katika nchi zetu wako watoto wengi ambao milango ya mioyo yao imepata makovu. Nani ameiumiza? Mara nyingi ni homa ya baridi yabisi. Ugonjwa huu huanza kwa jambo dogo: mtoto aumwa koo. Vijidudu viitwavyo streptokoki vimeingia kooni mwake. Mwili hutengeneza silaha za kupigana navyo, lakini kwa watoto wengine silaha hizo hukosea, zikaushambulia mwili wenyewe. Baada ya wiki mbili au tatu koo limekwisha pona na kusahauliwa, kumbe sasa magoti na viwiko vyavimba na kuuma, leo hapa, kesho pale. Maumivu hayo hupita yenyewe, na wazazi hufurahi. Lakini moyoni kovu limebaki, na kila homa ya namna hiyo ikirudi, kovu huongezeka.

Ugonjwa huu wapenda mahali watu wanapobanana. Mwaka 1998 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa na madaktari wa Kinshasa kwa watoto wa shule 4,848 wa mji huo. Walikuta kwamba kama 14 katika kila watoto 1,000 wana ugonjwa wa moyo uliotokana na baridi yabisi, tena ulizidi katika mitaa ya maskini iliyojaa watu. Sisi wa Ituri tuna sababu ya kulisikia neno hilo vizuri. Tangu mapigano ya Djugu yalipozuka tena mwishoni mwa mwaka 2017, maelfu ya watu waliziacha nyumba zao wakakimbilia Bunia na vijiji vya kandokando. Watoto wanaolala sita au saba chini ya turubai moja hupeana ugonjwa wa koo upesi sana.

WAGENI WABAYA WAKAA MLANGONI

Sasa tusikilize jambo la pili. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu. Jino likioza, ufizi ukitoka damu, au mtu aking'olewa jino, vijidudu kadhaa huingia katika damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima havipati mahali pa kukaa, navyo huuawa upesi. Lakini mlango wenye kovu huifanya damu izunguke-zunguke, kama maji ya mto yanavyozunguka nyuma ya jiwe. Hapo damu huganda kidogo, na vijidudu hunasa katika damu hiyo iliyoganda. Humo hujificha, huzaana, na kufanya vinundu laini juu ya mlango wa moyo, kama kuvu juu ya ubao mbichi. Ugonjwa huo madaktari huuita endokaditi.

Kuna endokaditi ya namna mbili. Ya kwanza huenda polepole. Mara nyingi huletwa na streptokoki za kinywani, na mgonjwa aweza kutembea na homa ndogo kwa wiki nyingi, hata miezi. Ya pili ni kali, nayo huletwa zaidi na vijidudu viitwavyo stafilokoki, vinavyokaa juu ya ngozi. Hivyo huingia kwa njia ya jipu, kidonda, au sindano chafu, na vyaweza kuushambulia hata moyo uliokuwa mzima. Mgonjwa huyo aweza kufa katika siku chache.

Tena vile vinundu havitulii. Vipande vyake hukatika na kuchukuliwa na damu. Kipande kikienda ubongoni, mtu hupooza upande mmoja. Kikienda katika wengu, hupata maumivu makali ubavuni. Na vingine huenda katika mafigo.

MAFIGO YAUMIAJE?

Figo ni kama chekecheo la mama jikoni. Unga mzuri hupita, chenga hubaki. Katika kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo 1,000,000, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba kuliko unywele. Kwa siku moja mafigo mawili huchuja maji ya damu kama lita 180, kisha huyarudisha karibu yote mwilini, na kutoa lita moja na nusu hivi kuwa mkojo. Humo hutoka takataka za mwili.

Zamani madaktari walidhani kwamba mafigo ya mgonjwa wa endokaditi huumizwa na vile vipande tu vinavyokatika moyoni na kuziba mishipa. Jambo hilo latokea kweli. Lakini baadaye walifahamu kwamba kuna njia nyingine, nayo ni ya ajabu zaidi. Vijidudu vikikaa moyoni kwa muda mrefu, mwili hutengeneza kingamwili nyingi mno za kuvikamata. Kingamwili hizo hushikamana na chembe za vijidudu, nazo husafiri pamoja katika damu. Zikifika kwenye vichujio vya figo, hunasa, kama askari waliomkamata mwizi wakang'ang'ania naye, wote wakakwama katika mlango mwembamba. Mwili ukiona hivyo hutuma askari wengine, na vita huanza papo hapo, ndani ya kichujio. Mwizi mwenyewe hakuvunja nyumba hii, lakini nyumba yabomoka kwa sababu ya vita.

Ndiyo maana twasema figo limewaka moto, ingawa vijidudu vyenyewe viko mbali, moyoni. Kichujio kilichoumia huvuja. Damu na protini, ambazo zisingepaswa kutoka, hutoka katika mkojo. Takataka zilizopaswa kutoka hubaki mwilini. Maji huongezeka, uso na miguu huvimba, na msukumo wa damu hupanda. Jambo la kuogofya ni kwamba mara nyingi mafigo hayaumi. Mgonjwa hasemi, "Nashikwa na maumivu ya kiuno." Wengine hata rangi ya mkojo haibadiliki, nao ugonjwa hugunduliwa kwa kupima tu.

HABARI ZA NEW YORK NA VIENNA

Ugonjwa huu hauchagui maskini wala tajiri. Mwaka 1911 Gustav Mahler, mtunzi mashuhuri wa muziki kutoka Austria, alikuwa New York akiongoza wapiga muziki. Tangu mwaka 1907 alikuwa ameambiwa kwamba milango ya moyo wake ina kasoro. Akashikwa na homa isiyokwisha. Daktari kijana aitwaye George Baehr akatumwa kumtoa damu na kuiotesha katika chombo, na baada ya siku kadhaa streptokoki zikaonekana. Lakini kuijua asili ya ugonjwa hakukusaidia kitu, maana dawa haikuwako. Mahler alirudishwa Ulaya, akafa Vienna tarehe 18 Mei 1911, akiwa na umri wa miaka 50.

Baehr huyohuyo aliendelea kuchunguza, na mwaka 1912 alitangaza maandiko juu ya namna vichujio vya mafigo vinavyoumia kwa wagonjwa wa endokaditi. Miaka miwili kabla yake, Max Löhlein wa Ujerumani alikuwa ameandika juu ya jambo hilohilo. Basi, uhusiano wa moyo na mafigo wajulikana kwa zaidi ya miaka 100.

Siku zile karibu wagonjwa wote wa endokaditi walikufa. Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini huko London, na watu wa Oxford, Howard Florey na Ernst Chain pamoja na wenzao, wakaifanya dawa ya kutibu watu. Mwaka 1944 daktari Leo Loewe wa Brooklyn alitoa habari za wagonjwa saba wa endokaditi aliowatibu kwa penisilini nyingi. Tangu hapo ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa unaotibika. Mahler angaliishi miaka 40 baadaye, huenda angalipona.

Lakini adui naye hubadilika. Mwaka 2015 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 49 ambao mafigo yao yaliumizwa na endokaditi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wameshikwa na stafilokoki, si streptokoki. Kwa hiyo tusiangalie meno peke yake. Tuangalie na vidonda, majipu na sindano.

DALILI NI ZIPI?

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu ya ugonjwa huu ni haya:

Homa inayorudi kwa wiki kadhaa, ingawa dawa ya malaria imemalizwa sawasawa. Jasho la usiku. Kukonda na kukosa hamu ya kula. Uchovu mwingi, na kuhema mtu apandapo mlima au apandapo ngazi. Madoa madogo mekundu katika ngozi au ndani ya kope za macho. Mkojo mwekundu, au mweusi kama chai ya rangi, au wenye povu lisilotoweka. Uso uliovimba asubuhi na miguu iliyovimba jioni. Hasa mshukuni ugonjwa huu mtu akiwa aliwahi kuambiwa kwamba ana ugonjwa wa moyo, au alivimba viungo utotoni.

Mkojo wa rangi ya damu si alama ya ugonjwa huu tu. Malaria kali yaweza kuufanya mkojo kuwa mweusi. Figo laweza kuwaka moto hata moyo ukiwa mzima, wiki moja hadi tatu baada ya koo kuuma, au wiki kadhaa baada ya vipele vyenye usaha. Watu wa Kasenyi na Tchomia, kandokando ya Ziwa Albert, wanajua sana kichocho. Lakini kichocho cha ziwa lile ni kile cha matumbo, ambacho huleta damu katika choo kikubwa. Basi mtu wa ziwani akikojoa damu, asiseme tu, "Ni kichocho changu cha siku zote," akakaa nyumbani. Na apimwe.

MATIBABU

Hapa twawaomba mzingatie neno moja kuliko yote. Damu yafaa itolewe na kuoteshwa kabla mgonjwa hajapewa dawa za kuua vijidudu. Madaktari hupenda kuitoa mara tatu, mahali mbalimbali pa mwili. Mtu aliyekwisha meza vidonge viwili vya amoksisilini leo, na vitatu kesho, alivyonunua dukani bila kupimwa, amewafukuza vijidudu wachache na kuwaficha waliobaki. Daktari akiotesha damu haoni kitu, wala hajui atumie dawa gani. Vidonge vile havikumponya, bali vimemfungia daktari macho. Katika hospitali nyingi za mikoani kuotesha damu si kazi rahisi. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuiharibu nafasi inayopatikana.

Tena mkojo hupimwa kwa kijiti cha rangi, kipimo rahisi ambacho hata vituo vya afya vidogo vyaweza kukifanya kikipatikana. Damu hupimwa kujua kama mafigo yafanya kazi. Moyo husikilizwa, kisha hutazamwa kwa ekografia, mashine inayotumia mawimbi ya sauti kuonyesha milango ya moyo ikifunguka na kufunga.

Ugonjwa ukithibitika, mgonjwa hulazwa na kupewa dawa katika mshipa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Ndiyo, wiki 6! Homa huweza kupoa katika siku za kwanza, na jamaa huanza kusema, "Amepona, twende nyumbani, fedha zakwisha." Twajua uzito wa neno hilo. Kuna nyumba zinazouza mbuzi na shamba ili kulipa hospitali. Lakini vijidudu vilivyojificha katika vinundu havifi upesi. Mgonjwa akitolewa kabla ya wakati, homa itarudi, na gharama itakuwa mara mbili. Afadhali ndugu wakae pamoja tangu siku ya kwanza, wapange nani ataleta chakula na nani atatoa fedha, hata mwisho wa dawa.

Na mafigo je? Dawa kubwa ya mafigo hapa ni kuua vijidudu vya moyoni. Chanzo kikikauka, vita katika vichujio hupungua, na kwa wengi mafigo hurudia kazi yake. Madaktari huwa waangalifu sana na dawa za kutuliza kinga ya mwili, maana zikitolewa wakati vijidudu vingali hai, vijidudu hushangilia. Dawa nyingine za kuua vijidudu, kama jentamisini, zaweza zenyewe kuumiza figo, kwa hiyo hupimwa kwa uangalifu. Mgonjwa naye asinywe diklofenaki wala ibuprofeni kwa siri, wala maji ya mizizi asiyoijua, kwa maana hayo yote yaweza kumaliza figo lililokwisha dhoofika. Wachache huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, na wengine hupasuliwa ili mlango wa moyo utengenezwe au ubadilishwe. Kwa kazi hiyo watu wa Ituri hawana budi kusafiri mbali, na wengi hawawezi. Basi kinga kwetu ina thamani kuliko kwa watu wa miji mikubwa.

Hata safari ya kufika hospitali katika nchi yetu imekuwa ngumu. Hospitali ya Nyankunde, iliyotumikia watu wa pande hizi kwa miaka mingi, ilishambuliwa tarehe 5 Septemba 2002. Wagonjwa waliuawa, waliosalia wakakimbia. Ilichukua muda kabla haijafunguliwa tena. Vita huua kwa risasi, na huua pia kwa kuwanyima watu dawa na waganga.

USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA

Ufa wa kwanza ni koo. Mtoto mwenye homa na maumivu ya koo, bila mafua, apelekwe kituo cha afya. Penisilini ya wakati ule ni bei ndogo kuliko hospitali ya baadaye. Wala asikatwe kilimi na mtu wa mtaani. Wembe ule hauponyi koo, bali hufungua njia ya damu chafu.

Ufa wa pili ni moyo uliokwisha pata kovu. Mtoto aliyeugua homa ya baridi yabisi huchomwa sindano ya penisilini ya kukaa muda mrefu kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Sindano hiyo huuma, na watoto huikimbia. Lakini sikilizeni habari za majirani zetu, ng'ambo ya Ziwa Albert. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, madaktari waliwafuata watoto 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, ambao mioyo yao ilikuwa na alama za kwanza za ugonjwa. Nusu walichomwa sindano kila wiki 4, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili, kati ya waliochomwa ni watoto 3 tu ambao ugonjwa ulizidi. Kati ya wasiochomwa walikuwa 33. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021. Mzazi anayehurumia machozi ya sindano na akumbuke hesabu hiyo.

Ufa wa tatu ni meno. Mswaki, ukiwa wa dukani au wa mti, utumike asubuhi na jioni. Jino lililooza litibiwe na mtu mwenye ujuzi na vyombo vilivyochemshwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, hasa aliyewekewa mlango wa bandia au aliyewahi kuugua endokaditi, amwambie mganga wa meno habari zake kabla hajang'olewa jino, apewe dawa ya kumkinga.

Ufa wa nne ni ngozi. Upele, majipu na vidonda vioshwe kwa maji safi na sabuni, na vitibiwe. Sindano iwe mpya kwa kila mtu.

Sisi walimu nasi tuna kazi yetu. Mtoto aliyekuwa akikimbia mbele ya wenzake, na sasa akaa chini ya mti wakati wa mchezo, si lazima awe mvivu. Mtoto anayekosa shule kila mwezi kwa "malaria" yafaa aulizwe habari zake, na mzazi wake aitwe. Neno moja la mwalimu laweza kumfikisha mtoto hospitali mwezi mmoja mapema, na mwezi mmoja ndio unaotenga figo linalopona na figo lililokufa.

Na jirani asishtakiwe. Mtu akikonda kwa homa na kuvimba uso, kabla ya kutafuta nani amemlisha sumu, mpelekeni apimwe mkojo na damu. Nyumba nyingi zimegawanyika kwa ugomvi wa sumu, kumbe adui alikuwa kijidudu kilichoingia kwa jino bovu. Tusikawie basi. Homa ikirudi mara ya tatu, siku hiyohiyo mgonjwa aende hospitali, wala asimezeshwe dawa yo yote ya dukani njiani.